Fundi Rangi Apakwa Jino

Kila asubuhi, kabla ya kubeba ngazi yake kwenda kazini, fundi rangi hujikenulia mbele ya kioo. Anayapenda meno yake kuliko suti yake ya harusi. Asubuhi moja aliona doa jeupe kama chokaa kwenye jino la mbele, karibu na ufizi.

"Mama watoto, njoo uone," aliita. "Jino linatakata."

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliacha kushona akaja. "Linatakata kipande? Hayo mengine yamesusa?"

Alasiri hiyo jirani yao alipita kuchukua gauni lake. Jirani huyo ni tabibu wa meno katika zahanati ya mtaa. Fundi hakungoja kuulizwa, akamkenulia.

"Shemeji, huko si kutakata," jirani alisema. "Jino linaanza kuoza."

Fundi alifunga mdomo papo hapo. Kwa siku mbili alizungumza akiwa ameuziba kwa kiganja. Mtu huyu hupaka ghorofa ya nne akining'inia kwa kamba, lakini akisikia mashine ya kutobolea meno, hutafuta mlango. Aliogopa kutobolewa, na aliogopa zaidi kubaki na pengo mbele.

Siku ya tatu mkewe alimsindikiza mpaka zahanati, maana peke yake angeishia njiani.

Tabibu alilikausha jino, akaligusa kwa kifaa kidogo chenye mwanga, cha kupimia kuoza kwa jino. Kifaa kikaonyesha kumi na nane.

"Nimefaulu?" fundi aliuliza.

"Hapa namba kubwa ndiyo mbaya. Ila jino halijatoboka. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huondoa madini kwenye jino. Ndilo doa hilo. Madini yanaweza kurudi, na floraidi husaidia kuyarudisha. Likishatoboka, hapo ni kuziba tu."

"Kwa hiyo leo hunitoboi?"

"Sikutoboi. Nakupaka dawa ya floraidi."

Tabibu akatoa brashi ndogo. Fundi alipoiona brashi, hofu ilimwisha, ufundi ukampanda kichwani. "Umepiga msasa kwanza?" aliuliza, mdomo wazi. "Mbona unapaka mkono mmoja tu, hurudii wa pili?"

"Baba watoto," mkewe alisema, "leo wewe ni ukuta."

Tabibu alipomaliza, alimwuliza anavyopiga mswaki. Fundi alijisifu kwamba hupiga kila asubuhi, halafu husukutua kwa vikombe vitatu vya maji.

"Na ukimaliza kupaka ukuta, unaumwagia maji?"

Fundi alikubali kosa. Katika ndoa ya miaka kumi na miwili, mkewe hakuwahi kuona jambo hilo.

"Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi," tabibu aliendelea. "Tema povu, usisukutue. Iache floraidi ifanye kazi yake. Na chai je?"

Chai ilikuwa mkasa mwingine. Fundi alikuwa na chupa yake yenye vijiko sita vya sukari, na aliinywa kidogo kidogo juu ya ngazi, kutwa nzima.

"Kila ukionja, vijidudu navyo vinakula," tabibu alisema. "Chai ya sukari inywe pamoja na chakula. Juu ya ngazi, kunywa maji."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mkewe alikificha kikombe cha kusukutulia. Fundi alilalamika kwamba maji matupu ni kumvunjia heshima mtu wa kazi. Lakini akikumbuka pengo, aliyanywa.

Baada ya miezi mitatu alirudi zahanati pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Kifaa kikaonyesha tisa. Doa lilikuwa limepungua, na jino lilikuwa gumu tena, linang'aa. Fundi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, wala hakuona haya.

Watoto wakapimwa, wakakutwa salama. Ikafika zamu ya mkewe. Kifaa kikaonyesha nne.

"Kifaa kimechoka hicho," fundi alisema. "Nipime tena mimi."

"Rudi baada ya miezi mitatu," tabibu alimjibu.

Jioni hiyo mkewe alipokuwa akipiga mswaki, fundi alisimama kando yake, akiutazama mkono wake kama mwanafunzi wa ufundi.