Bibi Harusi wa Kwenye Tangi

Fundi wa miwani alipomwachia samaki mpya kwenye kitangi chake cha maji ya chumvi, wale wawili wa zamani walikimbilia pembeni wakabanana kama watoto waliosikia kofi. Sebule ikanukia udi.

"Nani kafukiza?" mkewe, fundi cherehani, aliuliza, uzi ukiwa bado mdomoni.

"Hakuna. Njoo umwone bibi harusi wangu."

Bibi harusi! Yeye hakuitwa hivyo hata siku ya ndoa. Samaki alikuwa mwekundu, mapezi kama shela, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, taratibu, kama wake wenza wanavyopimana.

Asubuhi wale wawili hawakuwepo, hata mwiba. Mume hakujali. Kiti alikihamishia kwenye kioo, chakula kikamfuata huko huko, akawa anasikika akinong'ona na kucheka chinichini.

"Wifi," dada wa mume alimvuta jikoni, "kaka anaongea na yule samaki."

"Najua. Mimi kanisahau."

"Hujanielewa. Anajibiwa."

Wivu ukamzidi woga. Mume alipoingia kuoga, mke alichukua chujio la chai amvue samaki, akazamisha mkono, na maji yale yalikuwa ya baridi ya kupasua mifupa, na udi ukampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na kabla hajajichomoa kitu laini kama vidole kilimshika kiganja, kikamng'ata, kikanyonya damu bila haraka, huku sauti masikioni mwake ikiiga sauti yake, "Mume wangu... mume wangu...", ikikosea, ikirudia, hadi ikapatia.

Alijinasua, akakimbia peku hadi kwa mganga wa mtaa wa pili. Mzee wa watu hakuuliza mengi. Akabeba chupa ya maji ya dua, wakarudi mbio.

Tangi halikuwa na samaki. Chumbani akatoka mwanamke mwenye gauni lake, uso wake, mwendo wake, nywele zikichuruzika, mume kamshika kiuno.

"Mume wangu," yule alisema, "ni nani huyo mlangoni?"

"Mkeo ni mimi! Wifi, waambie!"

Wifi aliwatazama wote wawili, akajibanza ukutani.

"Mwenye nyumba," mganga alinong'ona, "mkeo ni yupi?"

Fundi wa miwani hakusita. Alimvuta yule aliyelowa kifuani kwake.

Basi mganga akafungua chupa, akamgeukia mwanamke wa mlangoni, akamnyunyizia maji usoni.

"Toka," alisema. "Waache watu na ndoa yao."