Ndevu Ndani ya Shairi

"Weka kisu chini, Oriane."

Oriane hakukiweka. Kilikuwa kisu cha mfupa, cha kufungulia kurasa. Mbele yake, katika duka lake la vitabu vya kale mjini Lyon, kilikaa kitabu cha mashairi ya wanawake wa Ufaransa wa karne nne zilizopita. Kilichapwa zamani, ila hakuna aliyewahi kukisoma: kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni, kama zilivyotoka kwa mchapaji.

"Ukizikata, thamani imekwisha," mchumba wake Thibaud alisema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Tangu lini unaionea huruma biashara yangu? Jana uliniuliza mara mbili kama nimekiuza. Hata keki niliyokuwekea hukuigusa."

"Nakutakia mema tu."

"Mshairi anaogopa kitabu kufunguliwa. Humu mna nini?"

"Vumbi."

Jumamosi wangefunga ndoa mbele ya meya. Oriane alimpendea mashairi yake, aliyomtumia kwa simu kila asubuhi. Sasa moyo ukamwambia kata. Akakata.

Thibaud akageukia dirishani, akautazama mto Saône kana kwamba umemwita.

Oriane alisoma. Akachukua simu, akatafuta ujumbe wa mwezi wa tano.

"'Ukilala, mwezi hujificha katika nywele zako.' Uliniandikia hivyo."

Akaweka kidole kitabuni.

"'Ukilala, mwezi hujificha katika ndevu zako.' Mwanamke anamwambia bwana wake. Wewe ulimnyoa tu, ukaniletea."

"Nilisoma nakala nyingine maktaba," Thibaud alisema, bado amempa mgongo. "Nilijua wauza vitabu hamkati kurasa."

"Na mashairi yako mwenyewe yako wapi?"

"Mabovu. Ungenicheka."

"Ningecheka, ndiyo. Hiki ninachofanya sasa ni kicheko?"

Machozi yalikuwa yamemfika Oriane kidevuni.

"Toka, Thibaud. Na Jumamosi usinisubiri."

Jioni, akiwa anafunga duka, simu ikalia. Ujumbe:

"Mimi mwizi wa ndevu za watu,
moyo wangu mchungu kama tufaha bichi.
Usipokuja Jumamosi
meya ataniozesha kiti kitupu."

Akausoma tena. Hakuna mwanamke wa karne yoyote aliyewahi kuandika kitu kibaya namna ile. Akacheka peke yake, akajifuta macho, akaandika:

"Shairi hili ni lako, halina mwingine wa kulidai. Njoo. Kurasa zilizobaki utazikata wewe, moja moja, mbele yangu. Nataka nione umeiba mangapi."