Kilichokaa Kwenye Bomba la Maabara

Saa nane mchana, Jumatano, maji ya damu yalikutwa yamepungua katika vichupa vitatu vya maabara. Vifuniko vilikuwa mahali pake. Vimelowa mate.

Mpimaji alivaa glovu za pili juu ya zile za kwanza. Mate yalivutika kama kamasi, yakanuka ini lililosahaulika juani. Alivipima vichupa vyote vitatu homa ya ini, na kila kipimo kikaonyesha mstari mmoja: hakuna ugonjwa. Mwenye kichupa cha kwanza alikuwa wodini, macho yake manjano kama kiini cha yai; kilicholamba kilikuwa kimelamba na ugonjwa.

"Bosi, kuna kitu kinatulambia damu," mpimaji alinong'ona.

"Panya huyo."

"Panya anafungua kifuniko, halafu anakirudisha?"

Bosi hakucheka. Alitazama sinki. Kwa miaka walimwaga humo mabaki ya damu kwa uvivu tu, bila kuyaloweka kwanza kwenye klorini. Wiki iliyopita wakaguzi walipita, klorini ikaanza.

"Tumemfuga wenyewe, dada. Sasa tumemkatia chakula." Akachukua koti. "Mimi nina watoto."

Akatoka.

Kichupa cha nne kilikuwa cha mdogo wake mpimaji, aliyekuwa leba tangu asubuhi. Sindano ya kumkinga mtoto ilibaki moja, na daktari hakuwa tayari kuitoa bila jibu kwamba mama ana homa ya ini.

Mpimaji alipokishika, sinki lilicheua. Uvundo ukapanda, ukamtanda kooni kama mafuta yaliyoganda, na ulimi wa manjano, mwembamba, wenye vidonda, ukatambaa kutoka tunduni ukipapasa vigae, ukipapasa ukingo wa meza, ukapita juu ya glovu yake polepole kama wa mtu anayekomba sahani, mpaka ukagusa kifuniko.

"Dada," sauti ilitoka bombani, nyonge kama ya mgonjwa. "Naonja tu."

"Hiki cha mdogo wangu."

"Ndicho kitamu."

Mpimaji alinyanyua ndoo ya mabaki yaliyosubiri klorini, akaimimina yote sinkini. Ulimi ukarudi mbio. Akasikia kufyonza, kugugumia, kisha kubeua. Alitapika ndani ya barakoa na hakuivua. Mikono ilikuwa na kazi. Akadondosha damu ya mdogo wake kwenye kipimo, akasubiri.

Mistari miwili: ugonjwa upo.

Mtoto wa kike alizaliwa magharibi, akachomwa sindano. Asubuhi bosi alirudi, akauliza kama klorini ipo. Mpimaji alisema imeisha. Stooni, madumu ya klorini yalikuwa bado yamefungwa.