Jicho Lililofumbwa Kando ya Laga

Kila siku akitoka shule, kazi za Natabo zilikuwa zilezile. Alivua sare na kuitundika kwenye msumari, akala kilichobaki cha mchana, kisha akaenda kwa jirani yao, Mama Abiba, kumchukua mdogo wake Ekeno. Ekeno alikuwa na miaka mitatu, na miguu yake haikujua kutulia. Baada ya hapo Natabo alifungua boma la miiba, akawatoa wanambuzi wanne, na msafara huo wote ukaelekea kando ya laga kutafuta majani.

Laga, kwa asiyeijua Isiolo, ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Watu huvuka kwa miguu na punda hugaragara humo. Lakini mvua ikinyesha mbali, huko kwenye milima ya Nyambene, maji hushuka ghafla na kuzoa kila kilicho mbele yake, hata kama mjini jua linawaka. Kila mtoto wa Isiolo huambiwa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Natabo naye aliambiwa, tena si mara moja.

Huo ulikuwa mwaka wa 1987, mwezi wa Novemba. Mama yake Natabo, aliyeitwa Akai, alikuwa akiuza sokoni nyanya na vitunguu vilivyoletwa kutoka Rapsu. Baba yake, Lokaale, alikuwa utingo wa lori la mizigo lililokwenda Merti. Barabara hiyo haikuwa mbaya kwa mashimo tu. Ilikuwa na majambazi wenye bunduki. Wiki iliyotangulia lori la mfanyabiashara mmoja lilipigwa risasi, na dereva akaletwa mjini amelazwa juu ya magunia ya sukari. Natabo alimwona kwa macho yake. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kila lori lililonguruma lilimshtua, na lililochelewa lilimshtua zaidi.

Jamaa hii ilikuwa ya Wamormoni. Lokaale aliipata imani hiyo alipokuwa mlinzi wa lango Nairobi, na aliporudi Isiolo akaja nayo pamoja na sanduku lake la nguo. Majirani walishangaa, si kwa sababu ya ubatizo, bali kwa sababu ya chai, ambayo kanisa hilo huikataza. Mtu wa Isiolo asiyekunywa chai? Mama Abiba alisema kukataa nguruwe ni jambo analolielewa, hata yeye hamli, lakini kukataa chai ya maziwa, lo, hilo lilimshinda. Basi akawa anawapa maziwa matupu huku akiwaonea huruma.

Hawakuwa na jengo la kanisa. Jumapili walikutana sebuleni kwa Bwana Irungu, ofisa wa kilimo aliyehamishwa kutoka Nairobi. Familia zilikuwa mbili tu, yake na ya Lokaale. Waliimba, wakala mkate na kunywa maji kwa kumkumbuka Yesu, kisha mke wa Irungu akawafundisha watoto. Kwa desturi ya kanisa lao watu wazima huitana ndugu na dada, hivyo hata watoto walimwita Dada Wacuka.

Jumapili moja Dada Wacuka alifundisha andiko linalosema kwamba jicho la mtu likielekea utukufu wa Mungu peke yake, mwili wake wote utajaa nuru. Aliwaeleza kwamba anayeomba huku moyo wake uko kwingine ni kama fisi yule aliyeshindwa na njia mbili.

“Ukiomba, omba,” alisema. “Usigeuze macho kwa kitu chochote.”

Natabo alikuwa amekaa mkekani. Alijijua. Akipiga magoti tu, mawazo yake yalitawanyika kama wanambuzi waliofunguliwa. Sentensi ya kwanza alimwombea baba yake, ya pili ikaingiliwa na harufu ya chapati za jirani. Somo lilipoisha, Mbuthia, mwana wa Irungu waliyelingana umri, alimwambia bila wasiwasi wowote kwamba mwenye mawazo mawili hapati kitu kwa Mungu. Mbuthia alikuwa mtoto wa kujua kila kitu. Tabia hiyo kwa kawaida haiui mtu, ila wiki hiyo ilikaribia.

Natabo akajumlisha mambo kichwani. Ikiwa sala zake hazisikiki, basi baba yake yuko barabarani bila ulinzi, na kosa ni lake. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Alikula nayo, akaenda nayo shule, akalala nayo. Mwishowe akaamua kuomba sala moja isiyo na ufa. Angefumba macho, na asingeyafungua hata dunia ipasuke.

Alhamisi ilikuwa ya jua kali. Upande wa Nyambene mawingu yalikuwa meusi tititi, lakini juu ya Isiolo mbingu ilikuwa safi, na Natabo hakuitazama milima. Alimketisha Ekeno kwenye majani karibu na wanambuzi, akamwambia acheze hapo hapo asiondoke. Yeye akapiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, akakunja mikono kifuani kama walivyofundishwa, akafumba macho.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alimtaja baba yake, akalitaja lori, dereva na magurudumu yote. Kisha akasikia mwanambuzi akilia upande wa chini. Akakaza macho.

“Nata!” Ekeno aliita. “Mbuzi anaenda!”

Moyo wake ulitaka kugeuka, na hapo ndipo alipoogopa zaidi. Aliona kwamba hili ndilo jaribu lenyewe. Akigeuka sasa, sala imevunjika na baba yake amekwisha. Akaibana mikono kifuani. Ekeno akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa mbali kidogo, ikitokea chini. Natabo akaomba kwa nguvu zaidi, machozi yakipenya kwenye kope zilizofumbwa.

Halafu akasikia mngurumo. Alidhani ni lori, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Lakini lori haliji na upepo baridi wenye harufu ya udongo uliolowa. Akafungua macho.

Laga ilikuwa imejaa. Maji ya rangi ya matope yalipita kwa kasi yakiwa yamebeba magogo, miiba na bati la kibanda cha mtu. Wanambuzi watatu walikuwa ukingoni wakitetemeka. Wa nne hakuwepo. Ekeno hakuwepo. Kwenye mteremko wa mchanga palikuwa na nyayo ndogo zilizoshuka, na za mbele zilikuwa zimekwisha kuingia majini.

Natabo aliruka kutoka nyuma ya jiwe. Akakimbia kuyafuata maji, miiba ikimchoma asiihisi. Kila kitu cheusi kilichopita alikiona ni kichwa cha mdogo wake. Kilikuwa gogo. Kilikuwa debe. Kilikuwa mbwa aliyekufa. Alifika mahali ukingo ulipomeguka, akarudi, akakimbia tena, akaliita jina la Ekeno mpaka koo likakauka. Mama Abiba ndiye aliyemsikia kwanza. Alitoka na wanawake wengine, na mmoja wao akaenda mbio sokoni.

Akai alikuja bila viatu, kitunguu cha mteja bado kimo mkononi. Aliyatazama maji, kisha akamtazama binti yake.

“Ulikuwa wapi?” aliuliza.

“Nilikuwa naomba, Mama. Nilikuwa namwombea Baba.”

“Hukumsikia?”

Hapo uongo ulijileta wenyewe, mwepesi na tayari. Maji yalikuwa na kelele, nani angebisha? Natabo hakuutumia.

“Nilimsikia,” alisema. “Aliniita, akaniita tena. Sikufungua macho.”

Mama yake hakumpiga. Heri angempiga. Aligeuka tu, akajifunga leso kiunoni, akaanza kutembea ukingoni akiita, wala hakumtazama tena.

Jua likaanza kushuka. Wanaume walikuja na kamba na fito ndefu, lakini hakuna aliyethubutu kuingia. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba waende wakatafute huko bondeni asubuhi, maji yakipungua, na kila mtu alielewa maana yake. Natabo pia alielewa. Alikaa kwenye matope. Alitaka kuomba, lakini aliogopa kufumba macho.

Mara watoto waliokuwa upande wa darajani wakaanza kupiga kelele. Mtu mmoja alikuwa akija kutoka barabarani, peku, kikoi kimelowa, anachechemea na kunung'unika. Alikuwa Halake, Mborana aliyeuza kondoo mnadani, mtu aliyejulikana mji mzima kwa ulimi wake mkali. Begani alikuwa amembeba Ekeno, na Ekeno alikuwa akila tende.

Akai alimpokea mwanawe, akambana kifuani mpaka mtoto akalalamika. Kisha akaketi chini palepale na kulia kwa sauti.

Halake alieleza huku akikamua kikoi chake. Alikuwa ng'ambo ya pili akiswali alasiri, amefika katikati ya swala, aliposikia mtoto analia mchangani. Akageuza kichwa, akamwona Ekeno anamvuta mwanambuzi mguu, akaona na milima ilivyokuwa nyeusi. Akaiacha swala na kuteremka mbio. Alimkamata mtoto kwa shati na kupanda naye wakati maji yamemfika magotini. Mwanambuzi alikwenda na maji. Aliita kutoka juu, lakini vichaka vilimficha na mngurumo ukaimeza sauti yake. Ukingo ulimeguka, ukaenda na mkeka wake na viatu alivyokuwa amevivua ili aswali. Ikambidi azunguke peku mpaka darajani, na huyu mtoto, alisema, analishwa nini, mbona mzito kama gunia la chumvi?

Natabo alisogea karibu.

“Mzee Halake,” alisema, “ulikatiza swala?”

Halake alimtazama kana kwamba ameulizwa kama mbuzi wana pembe.

“Mtoto analia kwenye laga na maji yanakuja, mimi nimalizie nini?” alisema. “Nilipomtoa niliswali upya, pale pale juu. Mungu hakuwa ameondoka.”

Mama Abiba akaongeza kwamba katika dini yao ya Kiislamu, Halake angemwacha mtoto afe, swala yenyewe ingemshtaki. Kisha akaenda kumpikia Halake chai, maana kwa kina Akai asingeipata.

Lokaale alirudi Jumamosi, amejaa vumbi, mzima wa afya. Aliyasikia yote, akaenda kwanza kwa Halake kumshukuru na kumpelekea viatu. Aliporudi akamwambia Natabo kwamba swali alilo nalo moyoni akamwulize Dada Wacuka mwenyewe. Natabo aliogopa, lakini kilichomwogopesha zaidi kilikuwa nyumbani. Tangu Alhamisi mama yake alimfunga Ekeno mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, akipika naye, akienda naye sokoni. Natabo akinyoosha mikono kumpokea, mama aligeukia upande mwingine. Hakumtukana. Hakumwambia neno baya. Alimjibu tu kwa neno moja moja.

Jumapili, sebuleni kwa Irungu, Natabo alisimama akishika ukuta.

“Nilifanya kama andiko linavyosema,” alisema. “Sikugeuka. Mbona nusura nimuue mdogo wangu?”

Dada Wacuka alikuwa ameshapata habari, lakini swali lilimpata vilevile. Uso ulimshuka.

“Nilikufundisha nusu, Natabo,” alisema. “Na nusu ya somo inaweza kuzamisha mtoto. Jicho linaloelekea kwa Mungu halijafumbwa. Linatazama Mungu anataka nini sasa hivi. Alhamisi ile, Ekeno alipoita, Mungu alitaka nini?”

“Nimshike,” Natabo alijibu kwa sauti ndogo.

“Basi kumshika ndiyo ilikuwa ibada yako. Fisi alipasuka kwa sababu alitaka nyama mbili, zote za tumbo lake. Lakini kumpenda Mungu na kumwitikia mtoto ni njia moja. Asikudanganye mtu, hata mimi.”

Akawasomea mahali katika kitabu chao kitakatifu ambapo mhubiri wa zamani aliwafundisha watu kuomba mashambani na katikati ya mifugo yao, kisha akawaonya kwamba mtu akishaomba na kumpa mgongo mwenye shida, sala yake ni bure. Mbuthia aliangalia sakafu muda wote huo. Bwana Irungu naye akasema kwamba Mungu aliyetupa macho anataka tuyatumie pia kutazama milima, na mvua ikiwa Nyambene, mtoto hashuki kwenye laga, basi.

Natabo alikuwa bado na hofu moja, na baba yake aliiona.

“Nikiwa Merti,” Lokaale alimwambia, “Mungu hangoji wewe ukaze kope ndipo anilinde. Akili ya mtoto inarukaruka, aliyeiumba anajua. Niombee unavyoweza. Atasikia.”

Natabo alilia hapo mbele ya watu wote, na hakuona haya. Kifua chake kikawa chepesi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Akai alitangulia, Ekeno mgongoni. Laga ilikuwa imekauka tena, imebaki mchanga na matope kidogo. Kwenye ukingo mama alisimama. Natabo naye akasimama nyuma, asijue kama asogee. Akai aliitazama milima ya Nyambene kwa muda mrefu, akafungua leso, akamshusha mtoto.

“Mgongo unaniuma,” alisema. “Mvushe wewe.”

Natabo akambeba.