Sweta Limempwaya Kinyozi

— Nyoosha mikono, na usipumue.

— Nisipopumua, hilo sweta utamvisha nani?

Kinyozi alijitia kucheka, lakini Bibi Gia hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma yake pale sebuleni, sindano ya kufumia ameibana kwa meno, anavuta mgongo wa sweta huku na huku. Lilimpwaya. Mabega yalikuwa yameshuka, na kifuani pangeingia mtu mwingine na mzigo wake. Na hili ndilo sweta lile lile alilolifumua lote mwezi uliopita kwa kosa hilo hilo, akalianza upya kwa kipimo kidogo zaidi.

Tangu ajue kushika sindano, Bibi Gia hajawahi kukosea kipimo. Wajukuu wote amewafumia. Watoto wa majirani amewafumia wakiwa bado tumboni kwa mama zao, wakazaliwa nguo zikawakaa sawasawa. Leo mtu anayemwona kila siku ya Mungu ndiye amshinde? Akajilaumu. Akasema labda ni macho, labda uzee umebisha hodi na yeye hakuusikia.

Kinyozi alilivua haraka, akasema limempendeza hivyo hivyo, yeye hupenda nguo inayopitisha hewa. Sweta la kupitisha hewa, jamani. Chai hakuimaliza. Aliaga kwamba kuna mteja anamsubiri dukani, akatoka ameegemea ukuta wa baraza, na Bibi akadhani anatafuta viatu vyake.

Nikueleze kidogo habari za huyu bibi, maana usimchukulie poa. Jina la Gia alipewa na vijana wa mtaani. Mume wake wa kwanza aliugua miaka na miaka kabla hajafariki, na ni yeye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemlisha. Kufuma alijifunzia pale pale pembeni ya kitanda, kwa sababu kukaa mikono mitupu kulikuwa kunamtia wazimu. Eda ilipoisha, akanunua pikipiki. Watoto wake walipigiana simu wakilia kwamba mama amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa amekaa ndani muda mrefu mno, akataka upepo.

Basi kila asubuhi huwapeleka wajukuu shule, anapitia duka la nyuzi, halafu anaegesha pikipiki mbele ya kibanda cha kinyozi kusalimia. Salamu zikawa ndefu. Salamu zikawa mapenzi. Jumamosi hutoka wote, Bibi mbele ameshika usukani, Kinyozi nyuma ameshika kiuno cha Bibi. Watu walimcheka, mwanaume mzima anabebwa na mwanamke. Yeye aliwapungia mkono. Ndoa ilishapangwa, sare zilishaanza kubishaniwa, na sweta ndilo lilikuwa la kuvaa bwana harusi kwenye safari ya fungate.

Siku ya pili baada ya kupima, Bibi yuko mlangoni mwa shule, simu ikalia mfukoni. Ujumbe:

"Dereva wangu, nisamehe. Tuishie hapa. Ndoa sitaiweza. Usinipigie, usije. Nakutakia heri."

Aliusoma akiwa na helmeti kichwani. Akaivua, akavaa miwani, akausoma tena, maneno yakawa yale yale. Akapiga, simu haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mwishowe ikazimwa kabisa. Akaandika: "Nimekosa nini? Niambie tu." Hakikurudi kitu.

Nyumbani alimkuta binti yake mkubwa, nesi wa hospitali ya pale mjini, ametoka zamu. Akamwonyesha ujumbe. Binti hakuuliza kwa nini, hakuuliza lini. Alimkumbatia mama yake, akasema afadhali. Akasema wanaume wako hivyo, bora amejionyesha mapema kuliko kusubiri mpaka ndani ya ndoa. Bibi alilia begani kwa mwanawe, na kwa uchungu aliokuwa nao hakujiuliza ni mwanamke gani anayepokea habari kama hiyo bila kuuliza swali hata moja.

Siku chache zikapita, za kulala bila usingizi. Mchana mmoja akapigiwa na shoga yake, fundi cherehani mwenye kibanda kinachopakana na cha kinyozi.

— Shoga, kufuma umefuma vya kutosha. Njoo sasa ufumanie.

Akamweleza yote kwa mkupuo. Kwamba siku hizi kinyozi anafunga duka mchana. Kwamba kuna mwanamke anaingia kwa mlango wa nyuma, kule chumbani kwake, kajitanda mtandio mpaka puani, anakaa weee, halafu anatoka haraka haraka. Uso hajauona. Na muda huu tunaoongea, yumo ndani.

Bibi Gia aliinuka, nyuzi zikabiringika sakafuni, hakuziokota. Sijui aliipitaje ile njia. Matuta aliyaruka bila kupunguza mwendo, akakosea gia ambayo hajaikosea tangu siku za kujifunza, mwenye baiskeli akamtukania mama yake. Alipokaribia kona alizima injini, akashuka, akaisukuma pikipiki kwa mkono ili wasimsikie.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, umekingwa kwa pazia tu. Akasimama. Ndani wanaongea.

— Amekuandikia tena? Sauti ya mwanamke.

— Ameuliza kakosa nini.

— Usimjibu. Ukimjibu tu, atajua.

Bibi aliijua sauti ile kabla haijamaliza kusema. Yeye ndiye aliyeifundisha kusema. Ilikuwa sauti ya binti yake.

Mwanangu mwenyewe? Na huyu? Likampita kichwani wazo chafu kabisa, ambalo baadaye alilionea haya hata kulitaja. Akalivuta pazia karibu lidondoke.

Kinyozi amekaa kitandani, kifua wazi, mkono ameunyoosha. Binti kainama mbele yake, sare ya kazini chini ya mtandio, sindano ya dawa mkononi.

— Sogea hapo, mwenzangu, Bibi alisema. Nataka nimwone.

Binti akarudi nyuma. Ndipo Bibi akaona. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Mabega aliyoyapima kwa mikono yake yalikuwa yamebaki ngozi na mfupa. Akakumbuka Jumamosi ya mwisho, jinsi pikipiki ilivyoyavuka matuta kwa wepesi kama yuko peke yake, akamsifu fundi wa pikipiki kwamba kazitengeneza vizuri springi za nyuma. Hakuna springi iliyotengenezwa. Mtu ndiye alikuwa anaisha.

— Kumbe sikukosea kipimo, alisema.

Akamgeukia Kinyozi.

— Unaumwa nini?

— Tumbo, Kinyozi alisema akiangalia sakafu. Kuna uvimbe. Jumatatu wananipasua.

— Na mimi ningeambiwa lini? Jumanne?

— Usimlaumu, mama, binti akaingilia. Mimi ndiye niliyemwambia akuache.

Yote yakatoka. Binti alimkuta Kinyozi kwenye foleni hospitalini, akambana mpaka akasema anachoumwa. Akamwomba, kama anampenda mama yake kweli, aondoke kimya kimya. Sindano na vidonge atamletea yeye mwenyewe, atamhudumia mpaka mwisho, sharti mama asijue. Na mzee wa watu akakubali.

— Umenifanyia hivyo wewe? Mwanangu wa tumboni?

— Ulisema mwenyewe, mama. Siku alipokuja kukuposa ulisema mbele yetu sote, ukiolewa tena unaolewa na mzima. Ukasema kuuguza umeshamaliza.

— Nilisema.

— Mimi nilikuwepo baba alipoumwa. Natoka shule nakuta umelala kwenye kiti, uzi mkononi, sufuria inaungua jikoni. Nilikuwa nakuwekea mkono puani kuangalia kama unapumua. Sitaki kurudi kule, mama. Sitaki.

Binti alilia kama mtoto. Kinyozi naye akafungua mdomo.

— Mwanao ana haki. Upepo umeupata juzi tu. Nikurudishe chumbani na beseni la matapishi, mimi ni mtu gani?

Sasa nisikudanganye. Bibi Gia aliogopa. Chumba kile kilinuka dawa na jasho la ugonjwa, harufu ile ile, na mwili wake uliikumbuka kabla hajaamua lolote. Aligeuka akatoka nje. Akapanda pikipiki, akavaa helmeti, akapiga kiki, injini ikawaka. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake. Akiondoka, hakuna wa kumlaumu. Mwenyewe mwanaume kamwambia asije, mwanawe kamwombea aende, na neno lake alilisema mbele za watu.

Ndani, wale wawili walisikia pikipiki inanguruma. Kinyozi akafumba macho, akalitaja jina la Mungu kimoyomoyo. Halafu injini ikazimika.

Bibi aliingia na helmeti yake mkononi, akaketi kwenye stuli mbele ya mgonjwa.

— Ukifa Jumatatu, mimi nitakaa wapi?

— Unasemaje?

— Msibani. Nakuuliza. Wanao watakaa ndani wanapewa pole. Mimi nitakaa wapi? Nje, na majirani? Watu wakiniuliza marehemu ni nani wako, niseme alikuwa abiria wangu?

Kinyozi alijifunika uso kwa viganja.

— Kulia nitalia tu, utake usitake, Bibi aliendelea. Ujumbe wako haukunizuia kulia. Basi nipe mahali pa kulilia.

— Nakuonea huruma, dereva wangu.

— Usinionee. Na mimi sikuonei. Nakupenda, nimekasirika, na nimechoka kusimama mlangoni kwako kama mdai. Lakini nisikilizeni wote wawili. Neno langu silifuti. Peke yangu siuguzi tena. Vijana wako walioko mbali wapigiwe simu leo, waje kwa zamu. Wewe nesi, dawa na usiku ni vyako, si umejitolea mwenyewe? Na Jumamosi asubuhi ni yangu na pikipiki yangu. Hata kama unakata roho, utanisubiri nirudi.

Kinyozi alicheka. Kicheko kilimuuma tumbo, akalishika, akaendelea kucheka na machozi yanamtoka.

— Nitajitahidi, alisema.

Binti alikuwa bado amesimama kwenye kona, mtandio umeanguka, sindano mkononi.

— Nisamehe, mama.

— Nitakusamehe, mwanangu. Si leo. Leo mchome sindano yake kwanza.

Ndoa haikungoja sare. Ilifungwa mwisho wa wiki ile ile sebuleni kwa Bibi, bwana harusi amekaa kwenye kochi kwa sababu kusimama kulimshinda. Vijana wake wawili walifika na vumbi la safari, wamenuna, hawajui wamfurahie mama mpya au wamlilie baba. Fundi cherehani alikesha akishona gauni, na mpaka leo anamwambia kila mteja kwamba yeye ndiye mshenga, fumanizi alilipanga makusudi. Mama na binti walipika pamoja siku ile wakiongea habari za chumvi na moto tu. Jioni, wakiosha vyombo, Bibi alimfuta binti povu shavuni, na binti akaushika ule mkono wake, hakuuachia upesi.

Jumatatu ikafika.

Walimwingiza asubuhi. Kwenye benchi la ukumbini walikaa wanne: Bibi, binti, na wale vijana wawili. Bibi alijaribu kufuma, vidole vikakataa, akarudisha nyuzi kwenye mkoba. Jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Kila mlango ulipofunguliwa walinyanyuka, wakakuta ni mtu wa usafi, au mgonjwa wa wengine. Binti, ambaye ukumbi ule ndio kazini kwake na huwaambia wenzake kila siku wawe wavumilivu, alikuwa anatetemeka mguu. Bibi akamwekea mkono gotini.

Hatimaye daktari akatoka. Alikuwa ameshusha barakoa chini ya kidevu, na uso wake hausomeki. Vijana wote wawili wakasimama.

Akawaambia mgonjwa ametoka salama. Uvimbe umeondolewa wote, kupona kutachukua muda, lakini anapumua vizuri na ameanza kuamka. Bibi alisikia maneno hayo kwa mbali, kama yanasemwa chumba cha pili. Mtoto mkubwa wa Kinyozi akapiga hatua kuelekea mlangoni, daktari akamzuia kwa mkono.

— Wote hapana. Anaingia mtu mmoja tu. Mke wake yupo?

Kijana akasogea pembeni, akampisha. Bibi Gia alishika ukingo wa benchi, akainuka.

— Yupo, alisema.