Chumba cha Kitinda Kina Mtu

Mkaguzi wa nyumba za watumishi alipogonga mlango wa chumba cha Kitinda, sauti ilijibu, "Karibu, ila navaa."

Ilikuwa sauti ya Kitinda hasa. Kasoro ilikuwa moja tu: Kitinda hakuwemo. Alikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima, akifundisha hesabu watoto wa watu.

Mkaguzi, mtu wa haya, alirudi nyuma kana kwamba mlango umemuunguza. "Basi, basi. Amenikaribisha, inatosha." Akamgeukia mama wa nyumba hiyo. "Unajua, Mama Simu, kanuni si zangu. Mtumishi asiyeishi na mtoto anahamishiwa chumba kimoja kule nyuma ya mochwari. Lakini wewe unaye. Nimemsikia kwa masikio ya serikali."

Akaenda zake akiwa ameridhika, jambo lisilowapata wakaguzi mara nyingi.

Mama Simu, opereta wa simu wa hospitali kuu, alibaki kwenye korido ameshika ukuta. Alikuwa amedanganya. Alimwambia mkaguzi kwamba Kitinda yupo, amelala, na hakusema hivyo kwa ajili ya nyumba peke yake. Mwana wa kwanza alikwenda kutengeneza lifti ng'ambo, wa pili akaolewa, halafu kitindamimba naye akapata ajira, na watu wakampongeza: hongera, umemaliza kulea. Kana kwamba amestaafishwa akapewa saa ya ukutani. Tangu hapo hatulii. Anafagia vyumba visivyokanyagwa, anafungua madirisha, anayafunga, anasimama katikati ya nyumba amesahau alichokuwa anatafuta. Akiulizwa wanawe wako wapi, husema, "Wametoka kidogo." Kwamba wameondoka, hilo halikuwahi kupita mdomoni mwake.

Alisukuma mlango. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani. Shuka aliyoitandika mwenyewe ilikuwa na bonde katikati, na alipoligusa lilikuwa na joto. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya utosi wa mtoto mchanga, ile ambayo mama huinusa akidhani itadumu.

"Nani humu?" alinong'ona.

"Mimi, mama," ikasema sauti kutoka upande wa kabati. "Si umesema nipo?"

Mwenye akili timamu angekimbia. Mama Simu alirudisha mlango taratibu, akaenda kubandika sufuria ya watu wawili.

Wakazoeana hivyo. Yeye nje ya mlango, sauti ndani. Chakula alichokiacha kizingitini alikikuta vilevile, ila kimepoteza chumvi yote. Hakuuliza. Kazini manesi walimsikia akiimba baina ya simu na simu.

"Mama Simu, umeongezwa mshahara nini?"

"Nimeongezewa mtoto," akawajibu, na wakacheka mpaka wagonjwa wakalalamika.

Asubuhi moja laini ikaita. "Hospitali, nikuunganishe na nani?"

Kilichojibu kilikuwa mkwaruzo. "Mama, ni mimi."

"Mimi nani?" akauliza yeye, ambaye huwatambua madaktari wote kwa kikohozi tu.

"Kitinda. Sauti inaniisha, mama. Kila nikiamka imepungua. Daktari amechungulia koo, anasema ni zima. Mkuu wa shule naye anasema mwalimu bubu hana kazi kwake."

 Mama Simu alikumbuka jinsi yule wa nyumbani alivyozidi kuwa msemaji siku hizi.

Mganga ambaye Mama Simu alielekezwa kwake alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na alimsikiliza akiendelea kuchambua mizizi yake. "Ulikuwa na chumba kitupu, ukatangaza kina mtu. Jini hajavunja mlango, mwenzangu. Amepangishwa."

"Atokeje?"

"Kwa mdomo uleule, mbele ya shahidi yuleyule, mlango uleule. Useme wanangu wameondoka, humu hamna mtu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ningekuwa na jepesi zaidi ningekuuzia."

Mkaguzi ndiye aliyekuwa mgumu. "Nimeshathibitisha kwamba yupo, mama. Nikithibitisha kwamba hayupo, itaonekana nilikosea."

"Ulikosea."

"Ndiyo, lakini isionekane."

Akaja hata hivyo, maana mama huyu alikuwa analia mbele ya ofisi na watu wameanza kusogea. Jioni, kabla giza halijaingia, wakasimama wote wawili mlangoni pa chumba.

"Sema basi, mama," mkaguzi akanong'ona.

Akafungua kinywa. "Wanangu," akaanza, na papo hapo ndani kukaanza kilio, kwanza cha Kitinda mkubwa, kisha cha Kitinda wa miaka saba aliyeanguka kwenye ngazi, kisha cha kaka yake usiku wa surua, na cha dada yake, na vyote vikachanganyika vikashuka umri, vikawa vilio vya watoto wasiojua kusema, vikikwaruza ubao wa mlango kwa chini, usawa wa mtu anayetambaa, na ile harufu ya utosi ikamiminika koridoni mpaka maziwa aliyoyasahau miaka ishirini yakamchoma kifuani, na yeye akijua kabisa kwamba humo hamna mwanawe hata mmoja, akajua pia kwamba hawezi, hata wamkate, kumwambia yeyote anayelia hivyo aende.

"Kwa hiyo yupo au hayupo?" mkaguzi aliuliza.

Mama Simu alipiga magoti akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mwachie mwanangu sauti yake," alinong'ona. "Chukua yangu. Ukae."

Kilio kikakatika.

Mkaguzi alisema haya mambo hayapo katika kanuni, akatoka akitembea upesi, kisha nje akasikika akikimbia.

Simu ikaita sebuleni. Mama Simu aliipokea, na sauti ya Kitinda ikamwagika, nzima, safi, kama maji ya bomba lililozibuliwa. "Mama! Imerudi! Sasa hivi tu, nilikuwa nasahihisha madaftari nikajisikia nakohoa. Mama? Upo?"

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, hata upepo.

Nyuma yake mlango wa chumba ulifunguka, na sauti yake mwenyewe ikaja polepole koridoni, tamu, yenye hamu, ikisema maneno ambayo yeye kila siku alitamani kuyasema na akajizuia.

"Nipo, mwanangu. Nimechoka kukaa peke yangu. Waambie na wenzako. Acheni vyote, mrudi nyumbani."

 Mama Simu alitikisa kichwa, akatikisa, machozi yakimtiririka, kwa mtu asiyeweza kumwona.

"Haya, mama," Kitinda akasema, sauti imelainika. "Kumbe ulikuwa hutuambii tu. Napanda basi la kesho."