Eko Ni Nani?

— Eko ni nani?

Fundi rangi alikuwa anafunga kamba za viatu. Mkewe, fundi cherehani, alisimama mlangoni na simu ya mumewe mkononi, akasoma ujumbe wa shemeji yake kwa sauti:

"Mdogo wangu, leo Eko saa nne, usikose. Mkeo asijue kwanza."

— Sio mtu, mke wangu.

— Sio mtu? Kumbe unakutana na jini?

— Nitakueleza nikirudi.

— Nenda. Njia ya mwongo ni fupi.

Mume akaondoka. Mke hakushona hata kifungo. Akajitupia mtandio, akamfuata nyuma nyuma hadi hospitali. Alaa, kimwana chenyewe kinafanya kazi huku!

Mlango wa chumba cha vipimo ukafunguka. Binti mrembo, koti jeupe, akaita:

— Karibu, baba. Vua shati, ulale kitandani.

— Avue shati ili iweje? Eko ndiye wewe?

Korido nzima iligeuka. Binti akajikaza asicheke.

— Mama, eko ni kipimo cha moyo. Ni neno la Kiyunani, maana yake mwangwi. Tunapeleka mlio kifuani, ukigonga moyo unarudi, mashine inachora picha.

— Mbona kama jina la mwanamke?

— Wayunani wa kale walisimulia habari za binti aitwaye Eko. Alinyang'anywa maneno yake, akawa anarudia ya wengine tu. Akampenda kijana asiyemtaka, akakonda mpaka ikabaki sauti.

— Si nilisema ni mwanamke!

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Neno moyo ndio kwanza lilikuwa linamwingia.

— Baba watoto, moyo wako una nini?

— Unaenda mbio nikipanda ngazi kazini. Sikutaka kukutia hofu.

— Kaka yako ukamwambia. Mimi ninayelala hapo hapo kifuani, nikaambiwa na simu! Afadhali ungekuwa na hawara, ningejua wa kugombana naye.

Akalia, lakini akaingia naye, akamshika mkono mpaka kipimo kikaisha. Mlango mmoja wa moyo haukuwa unafunga vizuri. Dawa zingesaidia, na ngazi aziache kwa sasa.

Nje, mume akanong'ona:

— Nakupenda.

— Mimi sirudii maneno ya mtu. Ukiumwa, wa kwanza kujua ni nani?

— Wewe.

— Nani?

— Wewe, mke wangu. Wewe.